Mwache Aje kwa Miguu Yake: Namna ya Kuaminiwa na Mbwa, Farasi na Punda

Pita jioni mtaa wowote wenye mageti makubwa, Nalufenya hapa Jinja au Senior Quarters kule Mbale, utasoma maneno yale yale kwa rangi nyekundu: MBWA KALI. Nyuma ya geti yupo mbwa aliyefungiwa kwenye kibanda cha mabati tangu alfajiri. Hajui jua wala nyasi, chakula anasukumiwa kwa mti kupitia upenyo, na usiku ukiingia anafunguliwa alinde. Wenye nyumba wanaamini kwamba mbwa asiyezoeana na mtu ndiye mlinzi bora, na wapo hata wanaomchanganyia pilipili kwenye posho ili azidi ukali. Makala hii naiandika kwanza kwa ajili yao. Naona wanajinyima mlinzi, kisha wanajiwekea hatari ndani ya ua wao wenyewe.

Mbwa anayeishi kwa hofu habagui. Anambwekea mwizi, anambwekea paka, anaibwekea mvua, anambwekea mtoto wa nyumba hiyo aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni. Baada ya muda hakuna jirani anayeinua kichwa akimsikia. Na siku geti likisahauliwa wazi, anayeumwa ni mtoto wa jirani, au mama anayepita na beseni la matunda kichwani. Mbwa anayewaamini watu wake anawajua kwa harufu, kwa hatua, kwa mlio wa pikipiki yao, na kwa sababu hiyo mgeni humdhihirikia mara moja. Akibweka saa nane usiku, watu wa nyumba wanaamka, maana wanajua habweki bure.

Farasi na punda nawaingiza humu kwa kuwa kosa tunalowatendea ni hilo hilo. Farasi ni wachache kwetu, na uchache huo una sababu zake. Ukanda huu wa ziwa na mto ni nchi ya mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu zaidi ya 200,000 katika Busoga na mwambao wa kaskazini wa ziwa, na nagana, ambayo ni ndugu ya malale kwa upande wa mifugo, hudhoofisha na kuua farasi. Juu yake kuna maradhi ya farasi ya Kiafrika, yanayoletwa na usubi warukao kuanzia magharibi hadi mapambazuko. Ndiyo maana mwenye farasi makini humchanja, na humwingiza bandani kabla giza halijashika. Hata hivyo farasi wapo. Kampuni ya Nile Horseback Safaris, jirani na Jinja, hupandisha watu farasi kwenye njia za vijiji kando ya Nile. Punda nao, ukitoka Mbale ukapanda barabara ya Kapchorwa kuingia nchi ya Wasabiny, utawakuta wakiteremka na magunia ya mahindi na kahawa kutoka mashamba ambayo gari haliyafikii.

Wanyama hawa watatu hawaogopi kwa namna moja. Mbwa ni mwindaji: macho yake yanatazama mbele, na akibanwa ana meno. Farasi ni mwindwa: macho yamekaa pembeni mwa kichwa, na anaona karibu pande zote isipokuwa mahali pawili, mbele kabisa chini ya paji la uso na nyuma kabisa ya makalio. Kila kitokeacho ghafla kwake ni simba mpaka athibitishe kwamba sicho, na uthibitisho huo anaufanya akiwa ameshakimbia. Punda naye ni mwindwa, lakini asili yake ni nchi kavu ya mawe, na akiogopa mara nyingi husimama kwanza apime. Sisi tunauita msimamo huo ukaidi, tunaenda kuchuma fimbo.

Pamoja na tofauti hizo, wote wanauliza maswali mawili kuhusu kila binadamu anayewakaribia. Je, ninajua atakachofanya? Na nikitaka kuondoka, ataniachia? Mtu ambaye majibu yake ni ndiyo kwa yote mawili ataaminiwa hata akija mikono mitupu. Mwingine, hata akija na nyama kila siku, atavumiliwa tu, na uvumilivu una siku unapokatika.

Swali la pili ndilo linalopuuzwa zaidi, kwa hiyo naanza nalo. Chukua umehamia nyumba yenye mbwa wa mwenye nyumba, au umeolewa kwenye boma lenye mbwa watatu, au umeajiriwa ulinzi mahali ambapo mbwa ametangulia kazini. Usimwendee. Hapo uliposimama panatosha. Mpe ubavu badala ya kifua, usimkazie macho, legeza mabega, endelea kuzungumza na mwenyeji wako kwa sauti ya kawaida. Kama kuna kigoda, kaa. Usimwinamie, na usimnyooshee mkono puani. Pua yake imeshakusoma tangu getini, na mkono unaoingia eneo lake hajauomba. Atakuja mwenyewe, atanusa viatu, ataondoka. Mwache aondoke. Wengi huharibu kazi hapo: mbwa amesogea, wanafurahi, wanamshika kichwa. Amejifunza nini? Kwamba kukukaribia ni kunaswa. Ukimwachia, atarudi, na mara hii atakawia kidogo. Akikuegemea paja au kuleta shingo mkononi, mkune kifuani au chini ya kidevu, wala si utosini, hesabu moja hadi tatu, kisha toa mkono. Akisogea kudai zaidi, amekujibu. Akijikung'uta akaenda zake, amekujibu pia, na jibu hilo nalo lipokee kwa moyo mweupe.

Mbwa husema hapana kwa upole muda mrefu kabla ya kuuma, nasi hatusikii kwa sababu tunasubiri meno. Anageuza uso pembeni. Anapiga miayo na usingizi hana. Analamba pua wakati hakuna chakula. Weupe wa jicho unatokeza kwenye kona. Mkia usikudanganye: ukisimama juu na kutikisika ncha tu, huku mwili umekakamaa, hiyo si furaha. Mwili mzima ukiganda, hata kwa nukta moja, rudi nyuma taratibu. Na kunguruma ndiyo adabu yake ya mwisho. Naomba hili lisikike kwa kila mzazi na kila askari wa geti: usimpige mbwa kwa kunguruma. Ukimpiga hofu yake haipungui; anachojifunza ni kwamba onyo linaleta kipigo. Siku nyingine ataliruka onyo, ataanzia kwenye kuuma. Mbwa wengi wanaosemwa kwamba waliuma bila sababu walinyamazishwa hivyo na watu wao wenyewe.

Sasa swali la kwanza, la kujulikana utakachofanya. Hapa kazi si kubwa, ila ni ya kila siku. Posho na mukene zikiiva, mbwa apewe saa ile ile, bakuli lile lile, na mtu ambaye nyumba inataka aaminiwe zaidi. (Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, hupasuka vijiti na kutoboa utumbo.) Mwite kwa jina moja. Katika maboma mengi baba anamwita Simba, watoto wanamwita Bobi, na dada wa jikoni anamwita kwa kumrushia ndala. Baba anamkuna akiwa amelala barazani jioni. Asubuhi mama anamfukuza kwa ufagio kutoka baraza lile lile. Mbwa huyo hana namna ya kujua ulimwengu wake utaamkaje. Kaeni kama familia mkubaliane: baraza ni ruhusa au si ruhusa, nani anamlisha, neno gani la kumwita na lipi la kumzuia. Hata marufuku haimvunjii imani ikiwa ni ile ile leo na kesho. Kinachomvunja ni kutokujua.

Kijibwa ana bahati ya umri. Kuanzia wiki ya 3 ya maisha yake hadi karibu wiki ya 14, akili yake iko wazi kupokea nini ni cha kawaida duniani, na dirisha hilo likifungwa halifunguki tena kwa urahisi. Kwetu watoto wa mbwa hutolewa kwa mama yao wakiwa wadogo mno, kisha hufungwa nyuma ya nyumba mpaka wakue. Fanya kinyume chake: mwache na mama yake hadi wiki ya 8, halafu mbebe mikononi umwonyeshe nchi. Aione bodaboda ikiwaka, mama aliyevaa gomesi, mzee wa kanzu, kijana mwenye kofia ya pikipiki, mbuzi, mwavuli ukifunguka, mvua kwenye mabati. Kila kimoja kwa mbali kwanza, akiwa na kitu kitamu mdomoni, na mara tu anapojikunyata umwondoe. Kipindi hicho ni kifupi, na faida yake inadumu maisha yake yote.

Mbwa mzima aliyepigwa na maisha naye hupona, ingawa kwa muda mrefu. Kule Gulu kuna mradi uitwao Comfort Dog Project, wa shirika la The BIG FIX Uganda, ambao huwakutanisha manusura wa vita vya kaskazini na mbwa waliookotwa bila mwenyewe. Aliyeuanzisha, Francis Okello Oloya, alipofushwa utotoni na bomu lililokuwa limefukiwa shambani, na ni mbwa wa shule ya bweni waliokuwa wakimsindikiza usiku alipotoka kwenda chooni. Mafunzo yao huchukua miezi, mtu na mbwa wake pamoja. Wote wawili wametoka kwenye hofu, na hakuna anayemharakisha mwenzake. Nauleta mfano huu kwa ajili ya wale wanaosema mbwa wa Kiafrika ni wa kufukuza kima shambani, hana nafasi moyoni mwa mtu. Watu wa Gulu wanajua vinginevyo.

Najua pia kwamba wasomaji wengi wa Kiswahili katika miji hii miwili ni Waislamu. Mbale ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda tangu 1988, na madhehebu ya Shafi iliyoenea Afrika Mashariki inahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, yenye kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Waswahili wakaongezea methali, kwamba mbwa ukimzoea sana atakufuata hadi msikitini. Haya yote hayamzuii Mwislamu kuaminiwa na mbwa wa ulinzi, kwa kuwa imani ya mbwa haihitaji kuguswa. Inahitaji maji safi kwa wakati wake, kivuli, sauti ya upole na kutopigwa mawe. Sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa aliyelala mlangoni mwa pango la vijana wale, na mafundisho ya Mtume yana habari ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumteremkia mbwa mwenye kiu kisimani na kumpandishia maji ndani ya kiatu. Weka bakuli la mbwa mahali pake, uwe na chombo cha kumiminia kutoka juu, mpangie sehemu ya kulala mbali na mahali pa kuswalia. Ataujua mpaka huo kwa haraka kuliko watu wanavyodhani, na atakulinda.

Kuna mnyama mmoja tu ambaye sharti la kumpa muda halimhusu: mbwa mwenye dalili za kichaa. Mbwa wa mtaani aliyekuwa mwoga akaja leo kwako bila woga wowote, mwenye udenda, anayepepesuka, anayeuma mawe na vijiti, au ambaye taya limelegea kama kitu kimemkwama kooni, si wa kuzoewa wala kufunguliwa mdomo. Jitenge naye, toa habari kwa mwenyekiti wa LC1 na afisa mifugo. Aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Asingoje aone kama mbwa atakufa, maana dalili zikishaanza kwa binadamu ugonjwa huo karibu kila mara huua. Chanjo ya mbwa kila mwaka ni sehemu ya imani hii ninayoizungumzia, kwa sababu mtaa unaoogopa kichaa huweka sumu. Sumu haimalizi tatizo. Mbwa wengine wasiochanjwa huingia nafasi iliyoachwa. Kinachokata mnyororo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na ni wakati mzuri wa kuuliza ofisi ya mifugo ya wilaya kama kuna chanjo ya bure.

Kwa watu wa Mbale kuna jambo la msimu. Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Imbalu, yaani msimu wa tohara, hufunguliwa Mutoto, na kwa miezi kadhaa ngoma za kadodi hupita mtaani na umati unaocheza nyuma yake. Kwa mbwa ambaye hajazoea, hilo ni tetemeko la ardhi. Ndio msimu ambapo mbwa hukata kamba na kupotea, au humuuma mtu aliyekuwa anacheza tu. Anza mapema: wiki kadhaa kabla, piga rekodi ya kadodi kwenye simu kwa sauti ya chini wakati anakula, na uongeze kidogo kidogo. Siku yenyewe mfungie chumba cha ndani chenye giza, si mnyororo wa uani. Akija kujibanza miguuni pako usimfukuze kwa kudhani unamdekeza. Hofu haidekezwi, anayetulizwa hukumbuka nani alimtuliza. Watu wa Jinja fanyeni hivyo hivyo kwa fataki za mwaka mpya.

Farasi anadai kitu kingine, utulivu wa mwili wako wewe. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, mwalimu mstaafu wa hesabu, Wilhelm von Osten, alikuwa na farasi aliyeitwa Hans aliyejibu maswali ya hesabu kwa kupiga kwato chini. Watu walimiminika kumwona. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst aligundua kwamba muulizaji asipojua jibu, au Hans asipoweza kumwona muulizaji, farasi hushindwa. Hans hakujua hesabu. Alikuwa akiona kichwa cha muulizaji kikiinuka kidogo mno pale mapigo ya kwato yalipofikia jibu, na muulizaji mwenyewe hakujua kwamba kichwa chake kimeinuka. Wengi walicheka kwamba farasi amefichuliwa. Mimi kila nikiikumbuka habari hiyo nazidi kumstahi. Mnyama anayeona mtikisiko ambao mwenye mwili hakuuhisi ataona pia hasira uliyotoka nayo sokoni, pumzi uliyoibana, na ngumi iliyokaza kamba. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwaonyesha farasi picha za nyuso za watu. Mbele ya uso wenye hasira mapigo ya moyo yalipanda haraka zaidi. Na Xenophon, Mgiriki aliyeandika juu ya ufugaji wa farasi miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, aliweka sharti kwamba farasi asiguswe kwa hasira. Kama asubuhi yako imeanza vibaya, chota maji kwanza, fagia banda, kata nyasi. Mwendee ukishapoa.

Namna ya kumwendea ni hii. Toka upande wa bega lake, kwa mshazari, ukizungumza tangu mbali ili ajue ulipo. Usielekee uso kwa uso, na kamwe usitokee nyuma. Mwangalie: kichwa kikipanda, masikio yakisimama wima na pua zikatanuka, simama hapo hapo, au rudi hatua moja. Ngoja. Atapepesa macho, atashusha shingo, atatafuna hewa na kulamba midomo, au atapumzisha mguu mmoja wa nyuma. Mara nyingi ndivyo mwili wake unavyotoka kwenye wasiwasi. Ndipo uendelee. Watu hudhani farasi hufundishwa kwa kuvutwa kamba, kumbe anachojifunza kinatokana na kuachiwa kamba. Vuta kidogo, na nukta ile anapotoa hata unyayo mmoja, legeza kabisa. Anayevuta bila kulegeza anamfundisha farasi kwamba kutii hakuna faida, na mwisho hugeuka shindano la nguvu ambalo binadamu hawezi kulishinda.

Ukifika, usimpigepige shingo kama watu wanavyofanya kwenye sinema. Mkune pale shingo inapokutana na mgongo, juu ya bega. Ndipo farasi hukunana wenyewe kwa wenyewe kwa meno, na kukunwa hapo kumeonekana kupunguza mapigo ya moyo wao. Mdomo wa juu ukirefuka na kutikisika, umepata mahali. Karoti na vipande vya embe weka kwenye ndoo badala ya kiganja, la sivyo utajifugia farasi anayekagua mifuko kwa meno. Ukihitaji kupita nyuma yake, pita mbali asikokufikia kwa teke, au karibu kabisa huku mkono wako ukiwa juu ya makalio yake na sauti yako ikimfuata.

Wasomaji wengi watakutana na farasi mara moja tu, wamekuja Jinja matembezi na wamelipia saa moja ya kupanda. Hata saa moja inatosha kuwa mtu wa heshima. Fika mapema kidogo. Muulize mtunzaji farasi huyo anaogopa nini na anapenda kukunwa wapi. Yeye ndiye anayeaminiwa, zaidi ya mwenye mali, na anajua mengi kuliko atakayoyasema bila kuulizwa. Simama bega kwa bega na farasi, pumua polepole, acha akunuse kabla ya kuweka mguu kwenye kikuku. Simu ya kupigia picha usimsogezee usoni. Pale chini ya paji la uso haoni, na kinachoibuka hapo humshtua.

Punda namwandikia kwa uchungu zaidi, maana ndiye afanyaye kazi kubwa na kusemwa vibaya. Methali yetu inadai kwamba shukrani ya punda ni mateke. Nenda nyuma ya teke hilo uulize lilitanguliwa na nini. Mara nyingi kuna kidonda chini ya shogi, kamba iliyokata kwapa, mzigo ulioelemea upande mmoja toka juu mlimani. Punda huficha maumivu. Mnyama mdogo peke yake mlimani hana faida kuwaonyesha maadui kwamba ameumia. Kwa hiyo mtafutie maumivu wewe. Kila asubuhi kabla ya kupakia, pitisha kiganja mgongoni, kwapani na chini ya mkia, bila haraka. Penye joto au penye kumfanya aruke ngozi, pasiwekewe mzigo siku hiyo. Hakuna mbinu ya kuaminiwa inayofanya kazi juu ya kidonda.

Akisimama njiani, na atasimama, shika fimbo chini. Legeza kamba. Tazama anakotazama: labda daraja jipya, labda maji yanayong'aa, labda gunia la plastiki kichakani. Mwache anuse. Kama una punda mwingine aliyezoea, mpitishe yeye kwanza. Dakika utakazongoja hapo mara ya kwanza hutadaiwa tena mara ya kumi, kwa sababu punda akishaamua kwamba mahali ni salama hasahau, kama asivyosahau mahali alipopigwa. Punda hushikamana sana wawili wawili. Kumuuza mmoja na kumbakiza mwenzake kunaweza kumfanya aliyebaki aache kula hadi augue. Ukilazimika kuuza, uza wote wawili kwa mtu mmoja. Mmoja akifa, mwache mwenzake akae karibu na mzoga kwa muda. Asipouona huenda akamtafuta na kumlilia kwa siku nyingi. Thamani ya wanyama hawa imezidi kutambuliwa: Februari 2024, Addis Ababa, viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi.

Limebaki jambo la kuhama. Vijana wetu wanakwenda kazini Kampala, Dubai, Muscat, na mnyama anabaki kwa ndugu ambaye mpaka jana alikuwa mgeni kwake. Imani aliyokupa wewe hairithiwi, ila mrithi anaweza kusaidiwa kuanza vizuri. Kabla ya safari, mwache ndugu aje kila siku wewe ukiwapo. Yeye ndiye aweke chakula, yeye ndiye abebe brashi, wewe ukae kando. Halafu toka saa chache, kisha kutwa nzima, kabla ya kuondoka moja kwa moja. Mbwa muachie shati ulilolivaa bila kulifua. Na kwa yeyote kati ya watatu hawa, andika kwenye karatasi: anakula saa ngapi, anaitwaje, anakunwa wapi, anaogopa nini, upande gani hushikwa kamba, kidonda cha zamani kiko wapi. Mkabidhi mpokeaji karatasi hiyo pamoja na kadi ya chanjo, na mwombe asimguse kabla hajasogelewa.